Nakala Aliyoomba Wifi

"Zoezi la Kitaasisi la Kuhuisha Hifadhi ya Picha Tiba, Awamu ya Pili" maana yake ilikuwa kompyuta imejaa, futeni vya zamani. Zigo alitwishwa rafiki yangu, mtunza picha wa hospitali. Wifi yake akamsihi: "Wifi, usifute kabla hujanitolea nakala. Sina kingine cha mwanangu." Ilikuwa video fupi ya ultrasaundi, yenye sauti ya mapigo ya moyo. Mimba ile iliharibika miaka sita iliyopita.

Chumba cha kusomea picha huwa giza hata mchana. Rafiki yangu alibofya kunakili. Kompyuta ikajibu kwamba faili linatumika, kurekodi kunaendelea.

"Kaka, hebu njoo uone vituko," alimwita fundi wa mashine.

"Kurekodi kwa mashine ipi, dada? Ile tuliiuza chuma chakavu, na kamati ya kuiuza ikala posho." Fundi akacheka, akafungulia sauti.

Du-dup. Du-dup. Walisubiri video iishe, haikuisha. Fundi alijishika mshipa wa mkono, akalinganisha, na kicheko kikamkauka.

"Moyo wa mimba huenda mbio kama cherehani," alinong'ona. "Huu umetulia. Huu ni wa mtoto wa miaka mitano, sita."

Mlango ukagongwa. "Wifi, tayari?"

Rafiki yangu alijaribu tena gizani. Nakala haikutoka. Kurekodi kulikuwa hakujakwisha.