Mlango wa Shamsiya Ufungwe

Shamsiya anaishi Chumbageni na mama mkwe wake, Bi Huwaida, na wifi yake, Ghaliya. Mumewe, Taimur, alifariki miezi miwili iliyopita. Shamsiya anakaa eda, kwa hiyo hatoki ovyo. Hali chakula, halali usingizi. Daktari alimwunganisha na Precious, mshauri wa afya ya akili. Wangezungumza kila Jumatano asubuhi kwa simu ya video.

Jumatano ya kwanza, Ghaliya aliishika simu yeye. Akaiegemeza kwenye chupa ya chai sebuleni, akafungua sauti kubwa. Bi Huwaida akasalimia. Jirani yao, Mwamvua, naye akasalimia. Utadhani wamekuja kuhani tena!

"Shamsiya, unalalaje?" Precious aliuliza.

"Jana kalala vizuri, alhamdulillahi," Ghaliya akajibu.

"Na chakula?"

"Kala bokoboko sahani nzima."

Uongo mtupu! Shamsiya alionja kijiko kimoja tu, akaacha. Lakini angesema nini mbele ya sebule nzima? Mara picha ikaganda, mtandao ukakatika. Ghaliya akaiweka simu, akamimina chai. Mtu anaumia, wao wanakunywa chai! Inaudhi.

Jumatano ya pili ikaanza vilevile. Precious aliuliza swali, Ghaliya akafungua kinywa. Shamsiya akainuka, akaipokonya simu.

"Wifi, nimefiwa na mume, sikufiwa na ulimi!"

"Una siri gani ya kutuficha?" Ghaliya akafoka.

"Mwenye eda ajifungie na simu?" Bi Huwaida akasema. "Watu watasemaje?"

"Shikamoo, Bi Huwaida," Precious alisema.

"Marahaba."

"Mimi ni mwanamke mwenzenu, na haya ni matibabu. Mgonjwa akivuliwa nguo hospitalini, mnaingia wote?"

"Hatuingii," Bi Huwaida akakubali.

"Basi Shamsiya aingie chumbani, afunge mlango, avae spika za masikioni. Mmoja wenu akae nje, asipite mtu. Shamsiya, mtandao ukikatika usiondoke. Nitakupigia simu ya kawaida. Na mtu akiingia, niambie tu, 'Sijanywa chai.' Nitajua."

Jumatano iliyofuata mlango ulifungwa. Katikati ya mazungumzo picha ikaganda tena. Shamsiya akasubiri. Simu ikaita.

"Siku aliyokufa tuligombana," alisema. "Alitoka bila kuniaga. Nina hasira naye! Ningeyasemaje haya mbele ya mama yake?"

"Sema," Precious alimjibu. "Mimi ninakusikiliza."

Akasema, akalia, akasema tena.

Nje, Mwamvua alipiga hodi. "Nimekuja kumsalimia mshauri."

Ghaliya hakuinuka kwenye kiti chake pale mlangoni. "Leo hasalimiwi mtu. Nenda, shoga."

Wiki zikapita hivyo, Jumatano baada ya Jumatano. Shamsiya akaanza kupata usingizi. Siku moja alimaliza simu, akafungua mlango, macho mekundu.

"Wifi," alisema, "kuna bokoboko?"

Ghaliya akakimbilia jikoni. Safari hii sahani ilirudi tupu.