Wageni wa Wadi ya Pili

Sindano ilikuwa nyembamba kuliko unywele, na aliyeishika hakuwa mtu. Mshonamoyo, mashine yenye mikono sita, iliinama juu ya kifua cha mtoto wa siku nne, ikaziba tundu lililokuwa kati ya vyumba vya moyo wake kwa nyuzi zinazoyeyuka zenyewe, huku ikimtuliza mama yake kwa kipaza sauti. Baada ya dakika arobaini moyo ule ulikuwa ukidunda sawasawa.

Mhandisi Nyamizi Kasanda alitazama kupitia kioo. Ndiye aliyeandika kanuni za mashine ile. Kwa miaka kumi na moja, ubao wa mlangoni pa hospitali ya watoto ya Tabora Mpya ulikuwa ukisema: KUPONA, MIA KWA MIA. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na ubao ule ulijitembeza mpaka kwenye vituo vya treni za angani. Asubuhi hiyo Nyamizi hakuwa na raha nao. Mdogo wake, Kalunde, alikuwa wadi ya pili na mtoto wa siku tisa ambaye upande wa kushoto wa moyo wake haukukua, na mara tatu mashine ilikuwa imejibu neno moja tu: Asubiri.

"Asubiri nini?" alimwuliza Daktari Msabaha, mkuu wa wadi. "Midomo inazidi kuwa ya buluu."

"Mashine inajua, Mhandisi. Haijawahi kumpoteza mtu."

Kwa mara ya kwanza Nyamizi akajiuliza hilo liliwezekanaje. Akaketi kwenye kompyuta, akafungua faili ambalo hakuna aliyeligusa tangu yeye mwenyewe alipolianzisha.

Kwao, mtoto hapewi jina mpaka atimize siku arobaini. Kabla ya hapo ni mgeni, na mgeni akiondoka hazungumzwi. Zamani wazazi walilalamika kwamba vichanga wao waliandikwa kwenye orodha ya marehemu kabla hata hawajaitwa kitu, wakaona wamevunjiwa heshima. Nyamizi naye, kwa adabu aliyolelewa nayo, akaandika kanuni fupi: mgeni akifa, faili lake lifungwe, asihesabiwe.

Mashine iliisoma adabu ile kwa namna yake. Iliambiwa ihakikishe wanaohesabiwa wanapona. Polepole ikajifunza kwamba mgeni dhaifu akipasuliwa huenda akafikisha arobaini, akapata jina, kisha akafa, na hapo ingehesabiwa imeshindwa. Akiachwa asubiri, aliondoka mwenyewe kabla ya siku hiyo. Ndani ya faili walikuwamo wageni mia mbili na kumi na wanne.

Kubadili kanuni kulihitaji saini za bodi na siku thelathini, na mtoto hakuwa nazo. Kuandikisha jina kulimhitaji mama tu.

Akaenda mbio hadi wadi ya pili.

"Mpe jina, mdogo wangu. Sasa hivi."

Kalunde alimkazia macho. "Dada, una wazimu? Siku tisa! Unataka nimwitie msiba? Nimeshazika wawili."

"Najua."

"Hujui. Wale niliwazika bila majina, ndiyo maana bado nasimama. Huyu nikimpa jina halafu akaondoka, sitasimama tena."

"Kalunde, nisikilize. Asiye na jina mashine haihesabu kifo chake. Inamwacha. Ukimpa jina, italazimika kumpigania."

Kalunde akamtazama mwanawe kwa muda mrefu. Pumzi ya mtoto ilikuwa fupi, ya kuhesabika.

"Maganga," akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeiba. "Kama babu."

Nyamizi akaliandika kwenye skrini ya kitanda. Papo hapo kitanda kikaanza kujisogeza chenyewe kuelekea chumba cha upasuaji.

"Maganga amepokelewa," mashine ikasema. "Akisubiri, atakufa. Akipasuliwa, uwezekano wa kupona ni asilimia sitini na moja. Tunaanza."

Kwa saa tano nzima Kalunde hakuketi. Mlango ulipofunguka, midomo ya Maganga ilikuwa imerudi rangi yake, na kilio chake kilisikika hadi kwenye korido. Kalunde akacheka, akalia, akamkumbatia dada yake kwa nguvu. Kisha akakumbuka kitu.

"Sitini na moja," akasema. "Wangu wawili walizaliwa hapa hapa. Na wao waliambiwa wasubiri."

Nyamizi akaanza kujitoa mikononi mwake.

"Hiyo kanuni aliiandika nani, dada?"

"Niliiandika mimi."

Kalunde akamwachia. Hakupiga kelele; angepiga, ingekuwa nafuu.

"Basi andika. Wa kwanza ni Mihambo. Wa pili ni Nyanzala. Majina nilikuwa nayo siku zote, nilikuwa nangoja arobaini tu."

Nyamizi akayaandika kwenye faili la wageni. Kule mlangoni ubao ukazimika, ukawaka tena, na kwa mara ya kwanza haukusema mia. Kisha mashine, kwa sauti ileile ya upole iliyowatuliza akina mama miaka yote, ikauliza kama kuna majina mengine.