Aliyekimbia Maharage

Hebu niambie, umewahi kumwona mtu mzima akikimbia maharage? Mimi nimemwona. Ni Capitoline, mke wa Didace, jirani yangu hapa Mishamo.

Maharage yalikuwa yametandazwa juani kwenye turubai la bluu, makavu kabisa. Tukashika fimbo, tukaanza kupiga. Maganda yakapasuka: ta, ta, ta! Capitoline akatupa fimbo. Akamnyakua mwanawe Innocent, akakimbilia kwenye mihogo. Tulimkuta amechuchumaa, jasho linamtiririka, amemkumbatia mtoto.

Mama mkwe wake, Bibi Ernestine, alikasirika.

"Yoo! Kazi ikianza, yeye mbio. Kupika hapiki, kuoga mpaka asukumwe. Didace, mrudishe kwao huyu!"

Didace aliokota fimbo iliyotupwa. Alimpenda mkewe, na neno hilo lilimtisha.

Yaliyompata Capitoline tuliyajua sote. Wakati wa mvua nyumba yao ilianguka. Miti ya paa ilipasuka kwanza, kisha ukuta ukamwangukia binti yao Glory. Akafariki. Baada ya mazishi Bibi Ernestine alituonya, "Jina hilo lisitajwe tena. Mtamuumiza." Basi yule tuliyezoea kumwita Mama Glory akawa Mama Innocent. Tuliona tumemsaidia.

Didace akamwita Happiness, mhudumu wa afya wa kijiji chetu. Alikuja na baiskeli yake, akaketi mkekani karibu na Capitoline.

"Dada, maganda yakipasuka, unasikia nini?"

"Nasikia miti ya paa," akajibu kwa sauti ndogo.

Happiness akatugeukia. "Huyu si mvivu. Ni mgonjwa, na ugonjwa wake unatibika."

"Mgonjwa wa nini? Homa hana!" Bibi Ernestine akadakia.

"Bibi, ukikutana na nyoka, moyo wako unafanyaje?"

"Unadunda! Tena nakimbia kuliko nyie vijana."

Tukacheka.

"Hiyo ni kazi ya homoni," akasema Happiness. "Ni kemikali ambazo mwili unatengeneza wenyewe. Ukiona hatari, adrenalini na kotisoli zinaingia kwenye damu. Zinakupa nguvu ya kukimbia. Nyoka akienda zake, zinapungua, unatulia. Lakini mtu akipatwa na jambo zito mno, ubongo unaweza kubaki kwenye tahadhari. Akisikia sauti inayofanana tu, mwili unadhani hatari imerudi."

"Kama pikipiki iliyokwama resi," akasema Didace. "Imesimama, lakini injini inanguruma."

"Hasa! Na injini hiyo inachoka. Usingizi unapotea, chakula hakina ladha, huzuni haiondoki. Kemikali za ubongo zinazosaidia usingizi na furaha nazo zinavurugika. Kumwambia ajikaze hakutoshi."

"Sasa tufanye nini?" Didace akauliza.

"Mpeleke kituo cha afya, daktari amwone. Kuna ushauri wa mazungumzo, na wengine wanapewa dawa. Dawa inachukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu, na asiiache bila kumwuliza daktari. Na siku akisema hataki kuishi, msimwache peke yake. Mpelekeni kituoni siku hiyo hiyo."

Didace alimpeleka, tena na tena. Mwanzoni hatukuona badiliko. Bibi Ernestine alinung'unika, lakini alibaki na Innocent. Kisha siku moja Capitoline alionja mboga za mama mkwe wake, akasema, "Mama, hazina chumvi."

"Mnamsikia?" Bibi Ernestine akapiga makofi. "Amepata nafuu, ameanza kunisema!"

Msimu uliofuata tulitandaza turubai tena. Maganda yalipoanza kupasuka, Capitoline alisimama mbali. Alikanyaga chini kwa nguvu, akatoa pumzi polepole, kama alivyofundishwa na mshauri. Akasogea. Akasogea tena. Akachukua fimbo, akapiga.

Bibi Ernestine akamtazama kwa huruma. "Ukichoka pumzika, Mama Innocent."

Capitoline akashusha fimbo.

"Mama, mlipoacha kumtaja mtoto wangu, niliona kama nimemzika peke yangu."

Sote tukaacha kupiga.

"Niiteni Mama Glory."