Kikohozi Nyuma ya Nyumba

Rafiki yangu Mwanahawa anaishi Kilakala na mama yake, ambaye ana pumu. Jioni moja umeme ulikatika mtaa mzima, naye Mwanahawa akatoka kusafisha mashine ya nje ya kiyoyozi, maana ilikuwa imejaa vumbi na majani. Giza lilikuwa limeshashuka kutoka milima ya Uluguru. Akiwa anapiga brashi, akasikia mtu anakohoa.

“Mama, nikuletee dawa?” aliuliza dirishani.

“Mimi sijakohoa,” mama akajibu. “Nilidhani ni wewe.”

Mwanahawa akasogeza kiganja kwenye feni ya mashine ile. Ilikuwa imesimama kabisa. Hewa ya vuguvugu ikampuliza mkononi, ikasita, kisha ikavutwa ndani taratibu, kama pumzi ya mtu aliyelala.