Chaki ya Birika

Kama haya yangesimuliwa na mtu mwingine, ningesema anatafuta wa kumsikiliza. Lakini yalimpata dada yangu wa tumbo moja, na dada hana muda wa kutunga hadithi. Ni fundi cherehani, nguo za watu zinamsubiri.

Alikuwa amehamia karibuni nyumba ya kupanga, yeye na binti yake. Shemeji ni dereva wa malori, nyumbani kwake anapita kama mgeni. Binti tunamwita Kereng'ende, kwa sababu tangu ajue kutembea hajawahi kutulia. Ukimwita jikoni anakuitikia kutoka uani. Nyumba ilikuwa nzuri. Juu ya dari kulikuwa na tangi la zamani lililopokea maji ya mjini na kuyashusha jikoni na bafuni. Mama mwenye nyumba alitoa sharti moja tu, kwamba tangi lisifunguliwe, na hakuna aliyemuuliza sababu.

Nilikwenda kuwatembelea Jumamosi moja asubuhi. Dada akaniwekea chai yenye utando juu.

"Hii ni chai au uji?" nikamuuliza.

"Kunywa, usinichoshe. Ndiyo maji ya humu. Tulipohamia yalikuwa mazuri, sasa sijui yamepatwa na nini."

Yalikuwa magumu kwelikweli. Sabuni haikutoa povu. Maharage yalichemka kutwa nzima na bado yakawa yanagonga sufuria. Ndani ya birika ulishika ukoko mweupe, mnene; ukiukwangua leo, kesho umerudi. Mwingine angelalamika. Dada, ambaye hatupi hata kipande cha uzi, aliona chaki. Aliukwangua kwa kisu, vipande akavitia kwenye kopo, akawa anachorea vitambaa.

"Ona mstari huo," alisema kwa majivuno. "Chaki ya dukani haifui dafu."

Siku hiyohiyo alimsimamisha Kereng'ende kwenye mwimo wa mlango, akampima urefu, akaweka alama kwa chaki ile. Kisha akamkatia gauni, na mistari yote akaichora kwa chaki hiyohiyo. Tulicheka sana, maana mtoto aligoma kusimama wima hata dakika moja.

Nilipokuja tena wiki kadhaa baadaye, Kereng'ende alikuwa amekaa.

Amekaa tu kwenye mkeka, miguu mbele, anaangalia dari. Aliponiona aliinuka taratibu akaja kunisalimia. Gauni lake jipya lilikuwa linaburuta sakafuni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Dada, hili ulilikata refu."

"Mimi?" Dada alinitazama kama nimemtukana. Alimchukua mtoto, akamsimamisha kwenye mwimo, akamnyoosha magoti kwa mikono yake mwenyewe. Kichwa hakikuifikia alama.

"Labda amejikunja," nikanong'ona.

"Nimemnyoosha. Umeona nimemnyoosha."

Hospitali walimpiga picha. Daktari alituonyesha mifupa ilivyofifia, akasema mtoto anapoteza chokaa ya mwili na hajui inakwenda wapi. Ikiendelea hivyo, alisema, hatatembea. Dada alikaa kwenye benchi la nje akalia kwa sauti, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu tumzike mama. Mimi niliogopa. Sikuogopa ugonjwa. Niliogopa lile neno chokaa, kwa sababu nilijua kopo la dada limejaa.

Kesho yake nilimleta fundi bomba. Alikuwa mcheshi, mtu wa porojo. Alitia sabuni kwenye chupa, akakinga maji ya bomba la uani, ambayo hayajapita kwenye tangi, akaitikisa. Povu likajaa hadi shingoni. Akakinga ya jikoni, akatikisa mpaka mkono ukachoka. Hakuna povu.

"Yanaingia laini, yanatoka magumu," alisema. "Kuna kitu humo juu. Ngoja nikamsalimie."

Sharti la mama mwenye nyumba hatukulikumbuka tena. Tulimsikia akifungua mfuniko huku akipiga mluzi. Mluzi ukakatika. Alishuka bila kukanyaga ngazi zote, akaenda uani, akaunawa mkono wake mara nyingi sana.

"Fundi, vipi?"

"Nilikuwa napapasa chini," alisema polepole. "Kimenishika kidole. Kama mtoto anayetaka kuvushwa barabara."

Spana yake aliiacha hukohuko juu. Hajaifuata mpaka leo.

Dada alimketisha Kereng'ende kwenye mkeka, akapanda. Nikamfuata. Ilikuwa mchana kweupe, jua likipenya kwenye nafasi za mabati. Mfuniko ulikuwa wazi. Tukachungulia.

Kilikuwa kimesimama ndani ya maji. Cheupe. Kimetupa mgongo. Kina mabega. Kina nywele zilizofungwa mafungu mawili, kama dada anavyomfunga mwanawe. Kimevaa gauni, na gauni lina pindo, na pindo lina mishono ya dada.

Magoti yalikuwa kamili. Miguu ilikuwa bado.

"Usikiguse," nikanong'ona.

"Mama," Kereng'ende akaita kutoka chini, kwa sauti ya uchovu. "Anasema na yeye umpime."

Hatukufunga mizigo. Dada alimbeba mtoto, mimi nikabeba cherehani begani, tukatoka. Kopo la chaki aliliacha mezani. Baadaye mama mwenye nyumba alipiga simu kwa hasira kuuliza nani amefungua tangi lake. Alikuta maji na spana, basi.

Dada alipanga upande mwingine wa mji. Maji ya huko ni laini, birika linang'aa. Kereng'ende alianza kusimama, akatembea, na siku aliyokimbia kutoka jikoni hadi uani dada alinipigia simu nisikie vishindo vyake. Picha mpya zilionyesha mifupa imara. Dada hupima urefu wake kwenye mwimo wa mlango, na sasa anatumia penseli. Chaki hataki hata kuiona. Vitambaa anachorea kipande cha sabuni.

Wiki iliyopita nilikwenda kuwaona. Mtoto alikuwa shuleni. Dada alinishika mkono bila kunikaribisha chai, akanipeleka mlangoni.

Alama za penseli zilipanda vizuri, moja juu ya nyingine. Kando yake kulikuwa na alama nyingine, nyeupe. Mwanzoni zilikuwa chini ya zile za penseli. Kisha zikalingana nazo. Niliigusa ya mwisho, unga ukabaki kidoleni. Nikaulamba. Ulikuwa na ladha ya birika.

"Nazifuta," dada alinong'ona. "Zinarudi."

"Kereng'ende mwenyewe anasemaje?"

"Anasema miguu imechoka."

Nikatazama tena. Alama mbili za mwisho za penseli zilikuwa mahali pamoja. Ile nyeupe ya mwisho ilikuwa juu yake.