Kigawanyo cha Jumapili

Jumanne, saa tatu na robo asubuhi, Darcy Moffat aliizima kompyuta ya pampu kwenye kisima cha kaskazini ili apanguse vumbi kwenye paneli za sola, kama afanyavyo kila mwezi. Alipoiwasha tena, haikuamka. Saa nane mchana bosi wake, mzee Clarrie Teasdale, alikuwa ameshatamka neno "hujuma", na kufika jioni Darcy alikuwa ameambiwa afunge virago, baada ya miaka kumi na mitano ya kuchunga ng'ombe kwenye ranchi yake.

Bron Haskell alifika Jumatano saa moja asubuhi. Ni fundi wa pampu, mama wa makamo anayelala ndani ya gari lake na kuzungumza na usukani, na jina lake limeshonwa kwenye mfuko wa shati ingawa wiki nzima hakuna aliyelitaja. Tangi lilibakiwa na maji ya kufikia adhuhuri tu. Ng'ombe mia tatu na arobaini walisimama kwenye hori wakimtazama.

"Ni Darcy," mzee alisema hata kabla ya salamu. "Yeye ndiye wa mwisho kuigusa. Weka mfumo mpya uende zako, mama." Akageuza gari lake akarudi nyumbani.

Bron akaanza kusakinisha upya mfumo endeshi, programu inayoiongoza kompyuta. Hatua ya tatu kisakinishi kikagoma: nafasi haitoshi, mfumo wa zamani ni mkubwa kuliko kigawanyo chake, yaani kipande cha diski kilichotengwa kwa ajili yake. Chini yake kulikuwa na swali: Futa diski yote? Ndiyo au hapana.

Diski ya mashine ile imechomelewa ndani, haibadilishwi. Fundi mwenye haraka angebonyeza ndiyo, ushahidi ukafutika, na mtu akapoteza kazi hivi hivi. Bron alibonyeza hapana, akaviorodhesha vigawanyo. Kiwandani huwekwa viwili. Hapa vilikuwa vitatu. Cha tatu kilikuwa kimemegwa kutoka mwisho wa cha pili, kikapewa jina SAA NNE. Tarehe ya kuundwa ilikuwepo: Jumapili, saa kumi na dakika kumi na mbili jioni.

Alimkuta Darcy kibandani akinywa chai peke yake, begi likiwa mlangoni.

"Umekuja kunitia pingu, dada?"

"Pingu nimezisahau nyumbani. Jumapili jioni ulikuwa wapi?"

"Mjini, kwenye mbio za farasi. Muulize yeyote. Nilimshangilia farasi mzito kama kabati mpaka sauti ikakauka."

"Na Gorrie, jirani yenu mnayegombana naye maji?"

"Alikuwa pembeni yangu akinicheka. Wilaya nzima ilikuwa kule."

"Wilaya nzima kabisa?"

Darcy alikizungusha kikombe. "Isipokuwa bosi. Tangu mkewe, mama Nerida, afariki haendi popote. Zamani, ikigonga saa nne tu, mama alikuwa anatuita kwa redio, tunamsomea maji ya visima, halafu anatuambia chai iko mezani. Sasa bosi anakunywa kule, mimi nakunywa huku. Mwaka mzima redio haijalia."

Kikulacho ki nguoni mwako, Bron alijisemea, na hakuifurahia habari hiyo.

"Nenda kisimani unisubiri," alimwambia. "Beba redio yako."

Jikoni alimkuta mzee ameketi mbele ya vikombe viwili mezani, kimoja kimefunikwa kifudifudi. Kando yake lilikuwa daftari lenye mwandiko wa kike, na kurasa zake mbili zilikuwa zimegandana kwa jamu. Bron alizitenganisha kwa kisu cha mkate, akasoma, kisha akaketi.

"Mzee Teasdale, ni wewe."

"Mimi? Niwaue kwa kiu ng'ombe wangu mwenyewe?"

"Kigawanyo kiliundwa Jumapili jioni, na Jumapili wewe peke yako ndiye uliyebaki. Mashine ikiwa imewaka huendelea na mpango ilioukuta ilipoamka. Kosa halionekani mpaka izimwe. Darcy aliizima Jumanne, basi. Wa mwisho kuigusa siye aliyeiharibu."

Mzee alikitazama kile kikombe kilichofunikwa. "Kampuni iliniandikia barua. Mwezi ujao mfumo mpya, kila kitu kinafutwa. Mle ndani mna miito ya redio ya Nerida ya saa nne, mashine iliirekodi. Yeye takwimu za mvua alizitunza hivyo hivyo, kwenye kigawanyo chake, kisakinishi kisiziguse. Nikafuata daftari. Sauti yake sina pengine popote."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nikupigie nikwambie nini? Kwamba huwa naenda kisimani kuongea na kisanduku?"

Bron hakucheka. Aliukumbuka usukani wake, akaona uchungu. Alimsogezea ukurasa uliokuwa umegandana. "Hatua ya kwanza ilikuwa humu: punguza mfumo uliomo ndani, ndipo upunguze kigawanyo. Wewe ulianzia ya pili. Umesogeza ua kabla ya kuhamisha ng'ombe."

Mzee akaiva uso kwa aibu. "Hata mtoto wa hapa hafanyi hivyo."

"Na umemfukuza mtu kwa sababu yake."

Bron alirudi kisimani, akazinakili sauti zote kwenye kompyuta yake, akazihesabu mara mbili, ndipo akabonyeza ndiyo. Saa nne kasoro robo pampu ikaguna na maji yakaruka. Alimwacha Darcy akichunga tangi, akaenda jikoni kumkabidhi mzee nakala.

Saa ya ukutani ikagonga saa nne. Mzee akakishika kipaza sauti cha redio.

"Kisima cha kaskazini. Maji?"

"Futi mbili, bosi," Darcy akajibu. "Yanapanda."

"Darcy... aliyeharibu ni mimi. Ua niliusogeza vibaya mimi mwenyewe. Nisamehe. Chai iko mezani."

Redioni ikasikika milio ya mlango wa gari na injini ikiwaka. Mzee alikifunua kikombe cha pili. Bron alikuwa ameshashika funguo zake za gari na kusimama.

"Unakwenda wapi, Bron?" mzee alisema, akienda kabatini kutoa kikombe cha tatu.