Sauti ya Maegesho ya Chini

Asubuhi moja rafiki yangu Gatimu alienda mkutano wa familia katika hoteli moja mjini Nyeri, akiwa amepania kumnyang'anya shamba Nduta, mjane wa kaka yake. Maegesho ya juu yalijaa, akateremka ya chini. Stima ilikuwa imepotea. Alipoanza kurudi nyuma, mtu alimwelekeza gizani.

“Kuja, kuja. Iko nafasi.”

Akaifuata sauti hiyo mpaka gari likazima lenyewe. Akashuka, akamulika kwa simu. Hapakuwa na mtu. Nyuma tu ya magurudumu palikuwa na shimo refu la ujenzi.

Kisha humo shimoni akamsikia kaka yake, ambaye mimi mwenyewe nilisaidia kumzika.

“Gatimu, mbona umesimama? Bado kidogo.”